Kuchuja waombaji wa residensi ya famasia: mstari wa GPA, rubriki, kusoma faili zima au kuwapigia simu kwanza?

Kila mwaka ikifika mwisho wa Desemba kuelekea Januari, wafamasia waliowekwa kwenye kamati za residensi (mafunzo ya kazini hospitalini baada ya digrii ya famasia) huku Marekani wanaanza kuulizana swali lilelile, hawa watu tutawachujaje. Maombi yanaingia kupitia PhORCAS, mfumo wa mtandaoni ulioanza 2012, mwombaji anapakia CV, barua ya kusudio na matokeo ya chuo, marefarii, yaani wanaotoa ushuhuda juu yake, wanajaza fomu zao, halafu mtu huyohuyo anaweza kuomba programu kumi au zaidi. Sasa chukulia kwenu mna nafasi mbili, mnaweza kuita watu 20 kwenye intavyu, na faili zilizofika ni 90. Maana yake watu 70 hamtawaona uso kabisa, na mmewaacha kwa kusoma makaratasi tu, mara nyingi usiku baada ya zamu. Mimi naona hapa ndo pazito kuliko pote, kuliko hata intavyu yenyewe, kwa sababu aliyeshindwa intavyu angalau alisikilizwa.

Nimekaa kwenye kazi hii misimu kadhaa na njia nne ndo nimeziona zikitumika zaidi. Kila moja ina watu wanaoitetea kwa nguvu na wana sababu zao, kwa hiyo naziweka zote mezani kwa vigezo vilevile.

Tunapima nini

Cha kwanza ni kazi yenyewe. Rezidenti wa PGY1, yaani mwaka wa kwanza wa residensi, atakaa na nyie miezi 12, atapanga dozi za vancomycin, atakimbilia mgonjwa aliyesimama moyo, atashika zamu za wikendi, atafanya mradi wa utafiti, ataandika tathmini ya dawa kwa kamati ya dawa ya hospitali, na katikati ya yote hayo atakosolewa kila wiki. Njia ya kuchuja inakuambia nini kuhusu mtu kuyaweza hayo? Kama haikuambii kitu basi wepesi wake hauna faida.

Cha pili ni haki, yaani je, njia hii inamwangusha mtu kwa kitu kisichohusu kazi. Cha tatu, wasomaji wawili wakisoma faili moja wanafika sehemu moja au kila mtu na lake? Cha nne ni muda, nao uhesabuni kwa saa za watu, maana dakika 20 kwa faili moja ukizidisha kwa faili 90 na wasomaji wawili ni saa 60 kamili, na saa hizo mtu anazitoa kwenye usingizi wake. Cha tano ni karatasi: ASHP, chama cha wafamasia kinachotoa ithibati kwa residensi, wanataka programu iwe na utaratibu ulioandikwa wa kutathmini na kupanga waombaji, siyo kila mwaka mnajitungia upya. Mkaguzi akija lazima umuonyeshe mlifanyaje.

Njia ya 1: kukata mstari kwenye GPA

GPA ni wastani wa alama za chuo, kwa kawaida mwisho wake ni 4.0. Mnakubaliana namba, tuseme 3.0 au 3.3, walio chini hawasomwi.

*Kazi:* GPA inasema mtu alisoma na alifaulu mitihani, na hilo si dogo, mtu aliyepata shida kubwa kwenye famakolojia atapata shida wodini pia. Ila ukishafika juu kidogo, tofauti ya 3.4 na 3.7 haikuambii nani atampigia daktari simu saa nane usiku kumwambia dozi hii haiko sawa.

*Haki:* Hapa ndo penye tatizo kubwa, na si suala la huruma tu, ni la hesabu. Vyuo havipimi sawa. Kuna vyuo vinavyotoa "amefaulu" au "hajafaulu" bila namba yoyote, famasia ya UCSF ni mfano, na Roseman mwanafunzi anatakiwa kufikisha asilimia 90 ndo ahesabiwe amefaulu somo, kwa hiyo huyu hana GPA ya kukupa hata ungetaka. Utamweka wapi kwenye mstari wako? Nimeona watu wakiacha sehemu hiyo wazi na kompyuta ikaisoma kama sifuri, ikawatupa wote, na hakuna aliyegundua mpaka wiki ya pili. Wengine wanaoumia ni wafamasia waliosoma nje ya Marekani. Hawa wakiwa na cheti cha FPGEC (cha kuthibitisha elimu ya mfamasia wa nje) kutoka NABP, chama cha bodi za famasia, wanaruhusiwa kuomba PGY1 sawasawa na aliyesoma chuo chenye ithibati ya ACPE, wanaoidhinisha vyuo vya famasia, lakini matokeo yao yako kwenye mfumo mwingine kabisa wa alama, na ukiwabadilishia kwa kukisia unawaonea. Wengi wetu tunaosoma hapa tuna ndugu au rafiki kwenye kundi hilo, kwa hiyo hili linagusa.

*Wasomaji:* hakuna cha kutofautiana, namba ni namba.

*Muda:* dakika chache tu, na ndo sababu inapendwa.

*Karatasi:* rahisi kuandika, ngumu kutetea. Mkaguzi akiuliza "kwa nini 3.3 na si 3.2" unahitaji jibu lililotoka kwenye kumbukumbu za marezidenti wenu wa nyuma.

*Inamfaa nani:* programu yenye mamia ya maombi na wasomaji watatu tu, tena ikitumika kama mlango wa kwanza wenye namba ya chini, siyo kama uamuzi wote. Na wasio na GPA wawe na njia yao iliyoandikwa mapema.

Njia ya 2: rubriki ya pointi

Hii ndo nimeishi nayo muda mrefu zaidi kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Kazi:* Rubriki ni jedwali la vigezo na pointi zake. Inapima kile mlichoamua kuipimisha, haijui zaidi ya hapo. Nyingi nilizoziona zinajaza pointi kwenye uongozi wa vyama vya wanafunzi, mabango ya utafiti, tuzo, halafu rotesheni (mafunzo ya vitendo) za mwaka wa nne, ambazo ndo zinafanana na residensi kuliko kitu chochote kingine, zinapewa pointi tatu kati ya 40. Sijawahi kuelewa kwa nini. Mwombaji aliyepita ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wiki sita, akapewa wagonjwa wake mwenyewe na refarii akaandika kwamba kufika wiki ya tatu alikuwa anaongoza mjadala wa dawa kwenye raundi, huyo ameshakuonyesha kazi. Pointi zifuate hapo.

*Haki:* Nzuri kuliko mstari wa GPA, ila ina mtego. Ukitoa pointi kwa vyeo vya vyama unampendelea aliyekuwa na jioni za kwenda vikaoni, na mwenzake aliyekuwa anafanya kazi saa 20 kwa wiki kama fundi wa famasia ili alipe ada anapata sifuri kwenye safu hiyo, wakati yeye ndo amejifunza zamu, foleni ya wagonjwa wenye hasira, na kufunga hesabu za dawa zinazodhibitiwa kisheria usiku. Sisi tulirekebisha kwa kuandika safu moja tu, "jukumu alilolibeba kwa muda mrefu", iwe chama, kazi ya kulipwa, au kumlea mzazi mgonjwa kama mwenyewe ameandika. Orodha ya walioitwa ilibadilika mwaka huohuo, na mabadiliko yalikuwa mazuri.

*Wasomaji:* Hapa rubriki inasimama au inaanguka. Mwaka mmoja faili moja lilipewa 22 na msomaji mmoja na 37 na mwingine, kati ya 40, nikadhani mmoja kachoka, kumbe mmoja alikuwa anahesabu idadi ya vyeo na mwingine anaangalia uzito wake, na rubriki yenyewe ilisema tu "uongozi: 1 hadi 5" bila maelezo. Namba isiyo na maelezo kila mtu anaijaza kwa moyo wake. Kwa hiyo kila namba iandikiwe inamaanisha nini, mfano barua ya kusudio: 1 ni barua ambayo ingeweza kutumwa programu yoyote, 3 anataja kitu cha programu yetu hasa, 5 anaunganisha kitu hicho na jambo alilolifanya yeye mwenyewe na akaeleza alijifunza nini. Halafu kabla hamjaanza wote msome faili tano zilezile, mlinganishe, mbishane, mrekebishe. Saa mbili hizo zinaokoa ugomvi wa mwezi mzima. Na wekeni sheria kwamba wasomaji wakitofautiana kwa zaidi ya pointi kadhaa mlizokubaliana, msomaji wa tatu anaingia.

Kuhusu barua tukiwa hapahapa: tangu ChatGPT itoke mwisho wa 2022 barua zimekuwa laini zote, sarufi safi, aya zimepangika. Mimi nimepunguza pointi za uandishi mzuri na nimeongeza za mambo mahususi, maana tukio lililomtokea mtu wodini bado ni yeye tu anayelijua. Fomu za marefarii nazo zina ugonjwa wake, karibu kila mtu amewekewa alama za juu kwenye kila sifa, kwa hiyo somo liko kwenye maelezo aliyoandika chini. Refarii anayetoa mfano mmoja kamili ananisaidia kuliko anayesema "bora kabisa" mara nne.

*Muda:* dakika 15 hadi 20 kwa faili, wasomaji wawili kila faili. Ni nyingi lakini inagawanyika, kila mtu anafanya kwa wakati wake.

*Karatasi:* bora kuliko zote, kila uamuzi una namba na jina la aliyeitoa.

*Inamfaa nani:* programu zenye maombi kati ya 40 na 150 hivi na wasomaji sita au zaidi, hasa kama wasomaji ni wapya na wanahitaji kitu cha kushika mkononi.

Njia ya 3: kamati kusoma faili zima

Hakuna pointi, au ziko chache, watu wawili watatu wanasoma faili lote halafu wanakaa wanazungumza: huyu ni nani, ametoka wapi, anaelekea wapi.

*Kazi:* Ikifanywa na watu wanaoijua kazi inaona vitu ambavyo rubriki haioni. GPA iliyoporomoka muhula mmoja ikapanda tena, na barua inaeleza msiba nyumbani. Rotesheni zilizochaguliwa kwa makusudi, moja baada ya nyingine, kuelekea magonjwa ya kuambukiza. Mtu aliyebadilisha njia kutoka duka la dawa la mtaani na anajua kuongea na wagonjwa kuliko sisi sote. Kwa PGY2, mwaka wa pili wa kubobea, nadhani ndo inang'aa zaidi, maana waombaji ni wachache, wote wako PGY1 au wameshaimaliza, na unachotaka kujua ni kina cha mtu kwenye fani moja, kitu kisichokaa vizuri kwenye safu za Eksel.

*Haki:* Inategemea mezani wamekaa nani. Inaweza kuwa na haki kuliko zote na inaweza kuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu "anatufaa huyu" mara nyingi ikichunguzwa ina maana "anafanana na sisi". Jina peke yake linafanya kazi kabla hujasoma mstari wa kwanza. Kuna utafiti uliochapishwa 2004 ambapo wasifu wa kutungwa ulitumwa kwa matangazo ya kazi Boston na Chicago, na wenye majina yanayosikika ya kizungu walipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi kuliko wenye majina yanayosikika ya Wamarekani weusi. Hizo hazikuwa kazi za famasia lakini macho ya binadamu ni yaleyale. Kama inawezekana ficheni jina, picha na hata jina la chuo kwenye usomaji wa kwanza, ni kazi kidogo kwa mtu mmoja wa ofisini na inasaidia njia zote, ila hapa inahitajika zaidi.

*Wasomaji:* wanatofautiana sana, na mwenye sauti kubwa anashinda. Dawa yake ni kila mtu aandike uamuzi wake na sababu mbili kabla ya kikao kuanza, mkubwa wa kitengo aongee mwisho.

*Muda:* nyingi kuliko zote. Dakika 30 kwa faili, na vikao juu yake.

*Karatasi:* dhaifu msipoandika. Tena "tulijadiliana" siyo kumbukumbu.

*Inamfaa nani:* maombi machache, tuseme chini ya 40, programu za PGY2, na programu zenye lengo mahususi kama kuhudumia vijijini au jamii zisizoongea Kiingereza, ambako historia ya mtu ndo sifa yenyewe.

Njia ya 4: simu au video fupi kabla ya intavyu kubwa

Baada ya mchujo mwepesi mnachukua watu 40, kila mmoja dakika 10, maswali matatu yaleyale kwa wote, halafu 20 wanaenda intavyu kamili. Tangu 2020 watu walipozoea intavyu za video imekuwa rahisi kuliko zamani.

*Kazi:* unasikia mtu anavyofikiri akiwa hajaandaliwa, na mawasiliano ni nusu ya kazi ya mfamasia wa hospitali. Swali moja zuri ni kumuomba akueleze kosa la dawa alilolikamata au alilolifanya na hatua alizochukua.

*Haki:* inamsaidia ambaye karatasi yake haimtendei haki. Lakini inamuumiza mwenye woga wa simu, mwenye mtandao mbovu, na mwenye lafudhi, na hili la lafudhi naliongea kwa uchungu kwa sababu nimesikia mtu akipewa alama ndogo ya mawasiliano wakati kila neno lake lilikuwa linaeleweka. Rubriki ya simu iseme wazi inapima mpangilio wa jibu, siyo matamshi. Jambo lingine ni sheria. Rezidenti ni mwajiriwa, na mazungumzo mafupi ya kirafiki ndo yanateleza haraka kwenye "umeolewa?", "una watoto?", "unasali wapi?". Sheria za Marekani za kuzuia ubaguzi kazini, kuanzia ile ya haki za kiraia ya 1964 na za baadaye za umri na ulemavu, zinafanya maswali ya aina hiyo kuwa hatari hata kama uliuliza kwa wema. Mwenye kupiga simu asome maswali yaliyoandikwa, basi.

*Wasomaji:* wanakubaliana kiasi kama maswali ni yaleyale na alama zinawekwa hapohapo.

*Muda:* watu 40 kwa dakika 10 ni karibu saa 7, mkiwa wawili kila simu ni saa 14 za watu, na kupanga ratiba kunaweza kula siku nzima. Video ya kujirekodi inapunguza hapo ila inaondoa mazungumzo, na waombaji wengi wanaichukia.

*Karatasi:* sawa, mkijaza fomu.

*Inamfaa nani:* programu ambazo faili zote zinafanana, wote wana GPA nzuri na barua nzuri, na mmekwama kuwatenganisha watu wa katikati.

Kosa linaloweza kuingia kwenye zote

"Huyu ni mzuri mno, hatakuja kwetu, tusimwite." Naelewa nafasi za intavyu ni chache, lakini mfumo wa kuoanisha, ambao unagawa nafasi kwa kulinganisha orodha za waombaji na za programu, hauwaadhibu kwa kutamani. Kanuni yake inatoka kwenye kazi ya Gale na Shapley ya 1962, iliyoendelezwa na Alvin Roth, ambaye yeye na Shapley walipata Nobel ya uchumi 2012. Kila mwombaji anajaribiwa kwanza kwenye programu aliyoipenda zaidi kwenye orodha yake, akikosa anashuka, na programu inamshika kwa muda mpaka atokee mwingine waliyempanga juu yake. Kwa hiyo mkimuweka mtu namba 1 na asije, namba 2 wenu hajapotea kwa sababu hiyo. Kisichofaa ni kubahatisha mioyo ya watu, na kumuuliza mwombaji atawapanga namba ngapi ni marufuku kwenye kanuni za kuoanisha.

Sasa kulingana na hali yenu

Maombi zaidi ya 200 na wasomaji hamfiki watano: mlango wa GPA wa chini, na njia ya pembeni kwa wasio na GPA na wenye FPGEC, kisha rubriki fupi ya safu tano. Msijaribu kusoma mafaili yote kikamilifu, mtachoka kwenye faili la 60 na wale 140 waliobaki watasomwa na mtu aliyelala.

Programu mpya, bado hamna rezidenti hata mmoja: anzeni na rubriki, hata kama maombi ni machache, kwa sababu mtahitaji namba za kurudi kuziangalia mwaka kesho mkiona nani alifanya vizuri. Wekeni alama za kila rezidenti kando, msimu ukiisha linganisheni na kazi yake. Safu isiyotabiri kitu ifuteni.

PGY2 yenye nafasi moja: someni faili zima. Na kama rezidenti wenu wa PGY1 anaitaka nafasi hiyo kupitia utaratibu wa kujifunga mapema, yaani kubaki kwenu bila kupitia kuoanisha, mpimeni kwa maandishi kama mngempima mgeni, ili akipata ajue alistahili.

Wagombea wa kigeni: kabla ya pointi yoyote angalieni vitu viwili, kama hospitali yenu inadhamini viza na kama mtu ataweza kupata leseni mapema, maana theluthi mbili ya residensi lazima aifanye akiwa na leseni. Kama hospitali haidhamini viza semeni kwenye tangazo, msiwaache watu walipie maombi bure.

Mmebaki na nafasi baada ya Awamu ya Kwanza ya kuoanisha katikati ya Machi: Awamu ya Pili inaisha Aprili, muda ni mfupi mno kwa vikao. Hapa njia ya 4 ndo inaokoa, rubriki fupi leo jioni, simu kesho na keshokutwa. Msiogope jina mlilolikata Januari likirudi kwenye orodha. Lisomeni upya na msomaji mwingine, asiyejua alama za mwanzo.